Nilivyowatembeza Wageni wa Nyambura

Enzi zetu mgeni wa harusi hakuja asubuhi, akala, akapigwa picha, akaondoka kabla ya foleni ya jioni. Alikuja na blanketi lake na kuku wake chini ya kwapa, akakaa karibu juma zima, na kazi ya wenyeji ilikuwa kumlisha na kumtembeza mpaka achoke kuuliza maswali. Miezi miwili iliyopita mjukuu wangu Shiko, aliyekuwa mbioni kuolewa hapa Ruiru, alinionyesha kwenye simu orodha ya mahali pa kutembelea aliyowatumia wageni wake. Nilicheka mpaka akanuna. Nikamwambia orodha ya kwanza ya namna hiyo katika ukoo wetu niliiandika mimi, kwa chaki, kwenye kibao changu cha shule, nikiwa na miaka kumi. Hakuniamini, kwa hiyo nawasimulia ninyi wa rika langu, mnaojua hata chaki yenyewe ilikuwa kitu cha kufichwa.

Tulikaa kwenye shamba la kahawa kati ya Ruiru na Thika, upande wa Mugutha. Siku hizi hapo pamejaa nyumba za kupanga, ghorofa juu ya ghorofa. Wakati huo ukisimama mlangoni kwetu uliona kahawa mpaka macho yachoke, na yote ilikuwa ya mzungu. Baba alikuwa fundi wa mashine za kumenya kahawa pale faktori, mama alichuma. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, miaka ile ya pasi, ambapo hata kwenda Kiambu kumjulia hali shangazi mtu aliomba karatasi. Sisi watoto hayo hatukuyajali sana. Tulinyonya maganda matamu ya kahawa iliyoiva mpaka ndimi zikawa nzito, tuliruka kamba ya mkonge, tulichoma viazi vitamu kwenye majivu na kuvila vikiwa bado vinaunguza midomo. Gari la moshi lilipopita tulifumba macho na kubahatisha kwa mlio tu kama limebeba watu au mizigo. Mimi sikukosea mara nyingi, na sisemi hivi kwa majivuno. Ni kwa majivuno kidogo tu.

Mama akiwa shambani kuanzia alfajiri, aliyenilea ni dada yangu Nyambura. Alinipita kwa miaka tisa. Alinibeba mgongoni hata nilipokuwa mkubwa kiasi cha kuburuta miguu, alinisuka, alinifundisha kusoma kabla mwalimu hajapata nafasi ya kunifundisha kwa kiboko. Usiku tulilala chini ya blanketi moja, na ndiye aliyenijibu maswali yangu yote, maana nilikuwa mtoto wa maswali. Mama alizoea kusema, "Huyu Wangari ataulizia hata kifuniko cha chungu kilizaliwa wapi." Nyambura tu ndiye hakuchoka.

Ndipo akatokea Hezron. Alikuwa kijana wa Kiluhya kutoka magharibi kabisa, Maragoli, akifanya kazi Thika kwenye kiwanda cha kutia mananasi mikebeni, akipanga chumba Makongeni. Walikutana kanisani. Kila Jumapili mchana alikuja kwa baiskeli, na alianza kupiga kengele tangu mbali, kule kwenye mstari wa miti ya migrevilea, kriin kriin kriin, mpaka mbwa wote wa kambi ya wafanyakazi wakamjua. Mimi nilidhani ni furaha ya kuniona, kwa sababu aliniletea vipande vya nanasi vilivyokataliwa kiwandani. Mama akisikia kengele alichukua jembe akaenda nyuma ya nyumba. Nilidhani anapenda sana kulima Jumapili.

Jambo moja lilibaki bila kuamuliwa. Baba yake Hezron alikuwa amefariki, na mama yake alitaka kijana arudi nyumbani na mke wake, wakalime ardhi yao. Hezron alitaka kubaki Makongeni na kazi yake. Mwishowe mama huyo akaandikisha barua: "Nitakuja kwa harusi. Nitaona mwenyewe mahali mwanangu anataka kukaa. Nikishaona, nitasema." Nyambura alinieleza haya akinisuka, nimeketi kati ya magoti yake. "Mama yake akipapenda, nitakaa Makongeni, na utakuwa unakuja kila Jumamosi. Asipopapenda, naenda naye kwao." Nikamuuliza kwao ni mbali kiasi gani. Akasema, "Gari la moshi linalala njiani." Nilimwambia anivute nywele taratibu, lakini hazikuwa nywele zilizokuwa zikiniuma.

Baba alipouliza nani atawatembeza wageni, nilijitolea kabla hajamaliza kuuliza. Wakubwa walikuwa na shughuli, na ukimwondoa Nyambura, bibi harusi mwenyewe, Kiswahili cha nyumbani kwetu mwenye nacho nilikuwa mimi, nilikiokota kambini nikicheza na watoto wa makabila yote. Nikachukua kibao nikaandika: maua ya kahawa, faktori ya baba, stesheni, Wahindi wa cherehani, maporomoko, kanisa. Nyambura alisoma, akacheka, akarekebisha herufi mbili. Hakuna aliyejua kwamba sikuwa nawatembeza wageni. Nilikuwa nauza Thika na Ruiru kwa mtu mmoja ili dada yangu asichukuliwe.

Walifika Jumanne, wawili. Mama Robai, mama yake Hezron, alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kitambaa cheupe kichwani na macho yasiyotulia. Mwingine alikuwa Mzee Andrea, kaka wa marehemu mumewe, mpole, ambaye kila alichoambiwa alijibu "Kumbe!" Mama yangu aliwapokea kwa uji, akawasalimia akiwa ameinamisha kichwa. Kisha Mama Robai akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye vidole vya miguu vilivyojaa vumbi.

"Wewe ndiyo utatuonyesha?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi utachoka. Mimi nauliza."

Moyoni nilisema tumekutana.

Bahati ilikuwa upande wangu, maana mvua ilikuwa imenyesha juma lililotangulia na kahawa ilikuwa imechanua. Mliokulia huko mnajua hali hiyo haidumu ila siku tatu nne: kilima kizima cheupe, na harufu tamu inayoingia mpaka ndani ya uji. Jumatano asubuhi niliwasimamisha katikati ya mistari, nikanyamaza, nikingoja wazimie. Mzee Andrea alisema "Kumbe!" Mama Robai alikata kijitawi, akanusa, akatafuna ua moja, akatema.

"Hii mnakula?"

"Hapana, Mama. Inaenda ng'ambo."

"Yote?"

"Yote."

"Na nyinyi mnabaki na nini?"

"Tunabaki na harufu," nilisema, na sikuwa nafanya mzaha. Alicheka kidogo, kisha akauliza swali nililokuwa nikiliogopa bila kujua kuwa naliogopa. "Na shamba ya baba yako iko wapi?"

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kipande cha maharagwe na vitunguu ambacho mzungu alituruhusu kulima. Ungeweza kukivuka kwa hatua kumi na mbili, nilishawahi. Nilisema tuharakishe faktori kabla mashine hazijazimwa. Pale aliuliza zaidi: maji yanatoka wapi, maganda yanakwenda wapi, huyu anayepiga kelele ni nani na nani alimpa ruhusa ya kupiga kelele. Baba alitoka kwenye mashine akiwa na mafuta mpaka kwenye viwiko, akasalimia kwa sehemu ya mkono juu ya kiwiko, pasipo na mafuta. Niliona Mama Robai anamtazama baba kwa heshima, nikaongeza alama moja kwenye kibao.

Alhamisi tulipanda gari la moshi kwenda Thika. Stesheni aliipenda. Alisimama karibu na tangi la maji la injini akauliza reli inaelekea wapi, na nilipomwonyesha upande wa kurudi kwao alitazama huko kwa muda mrefu. Mtaani Wahindi walikuwa na mafundi wao barazani, cherehani zikikimbia, vitambaa vikining'inia mpaka njiani. Aligusa kila kitambaa. Fundi mmoja akamuuliza anataka kununua nini, naye akamjibu, "Mimi nataka kujua tu," na fundi akarudi kwenye cherehani yake.

Nilikuwa nimeyaweka maporomoko mwisho wa safari ya Thika kwa makusudi. Tulisimama mahali maji ya mto Chania yanapojirusha, ukungu ukitulowesha nyusi, kelele ikitulazimisha kupayuka. Ng'ambo, nyuma ya ua la hoteli, wazungu walikuwa wamekaa kwenye viti, vikombe mkononi, wakiyatazama maji.

"Wanangoja nini?" akapayuka Mama Robai.

"Hawangoji. Wanaangalia."

"Wanaangalia nini?"

"Maji!"

"Kwao hakuna?"

Hilo sikulijua, nikakiri. Mzee Andrea alicheka mpaka akashika tumbo. Lakini Mama Robai alikuwa ameshageukia jambo jingine. Aliuliza wanawake wanachota wapi, wanapita njia gani, debe likijaa anayemwinua mwenzake kichwani ni nani. Niligundua kwamba kila nilichomwonyesha, alikuwa akitafuta ndani yake mahali pa mwanamke kusimama. Nilianza kuogopa. Orodha ilikuwa imebaki kanisa peke yake.

Ijumaa ikawa zamu ya kanisa, na kufika huko, ng'ambo ya Mto Ruiru, kulikuwa na njia mbili. Barabara kubwa ilipita kambi ya pili, palipokuwa bado na seng'enge na handaki la miaka ya taabu, watu wetu walipofungiwa humo. Sikutaka Mama Robai avione hivyo. Nikawapitisha njia ya chini, kwenye daraja la magogo mawili ya mkaratusi yaliyolazwa sambamba, na waya mmoja wa kushika. Palikuwa pazuri sana: mapapai ya mwitu, vipepeo, kivuli baridi. Hezron alikuja nasi. Alikuwa amevaa suti ya harusi, ambayo hakupaswa kuivaa kabla ya harusi ya Jumamosi, ila mama yake alitaka kuona inavyomkaa. Baiskeli aliiacha nyumbani. Alitangulia kuingia darajani, akipima magogo kwa viatu vilivyong'arishwa, na sisi tukasubiri ukingoni.

Alikuwa katikati nilipomwona mama yangu.

Alikuwa anatoka upande wa pili, kwa rafiki yake, amebeba mikungu miwili ya ndizi za harusi mgongoni, ukanda wa ngozi umepita utosini. Mnaojua mzigo wa namna hiyo mnajua mtu huenda nao ameinama, anaona miguu yake tu. Aliingia darajani. Alitembea hatua nne, tano, sita, mpaka akaona mbele yake viatu vyeusi vinavyong'aa.

Sasa, kwa vijana wa leo wanaomkumbatia mama mkwe na kupiga naye selfi wakitoa ndimi nje, lazima nieleze. Kwetu kijana na mama wa mke wake hawakutani uso kwa uso njiani. Mmoja hukwepa, akaingia kichakani, akageuza mgongo mpaka mwenzake apite. Ni heshima, na ni nzito. Wakati huo, nikiwa nimesimama ukingoni na kibao changu, ndipo nilipoelewa kengele ya Jumapili ilikuwa ya nani, na kwa nini mama alipenda kulima nyuma ya nyumba.

Darajani hakuna kichaka. Mama hakuweza kugeuka na mikungu miwili kwenye magogo mawili. Akirudi kinyumenyume angeanguka. Alisimama pale akivuta khanga usoni kwa mkono mmoja, wa pili umeng'ang'ania waya. Mimi ndiye niliyewaleta hapo. Nilitaka ardhi inimeze na kibao changu.

Hezron aliachia waya. Alitoka kwenye gogo akaingia mtoni, suti na viatu na yote, maji yakampanda mpaka kiunoni. Akaelekeza uso kwenye mkondo, mgongo kwa daraja, akainamisha kichwa, akabaki hivyo mkondo ukimsukuma. Mama akapita juu yake taratibu, hatua kwa hatua, uso umefunikwa. Alipofika upande wetu alipinda magoti kidogo mbele ya Mama Robai, mzigo ukiwa vilevile mgongoni, akaenda zake.

Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, Mama Robai hakuuliza kitu. Alimtazama mwanawe mtoni, akamtazama mama akipotea kwenye kahawa. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwani na nyinyi mnashika hiyo?"

"Tunashika, Mama."

"Niliambiwa watu wa huku waliacha. Niliambiwa mji na hii taabu yenu imemaliza kila kitu." Na hapo akaanza kucheka, kicheko kikubwa kilichopeperusha ndege, akavua kitambaa chake cheupe, akamvuta mwanawe ukingoni na kumpangusa uso kama mtoto mchanga. "Kumbe! Kumbe!" alisema Mzee Andrea. Nami nilicheka kuliko wote. Nilirudi nyumbani nikirukaruka, nikaandika kwenye kibao alama kubwa iliyofuta orodha yote. Nilikuwa nimeshinda.

Alasiri ile Mama Robai aliomba wakubwa wakae. Nilisimama mlangoni kutafsiri, Nyambura yuko nyuma yangu, vidole vyake mabegani mwangu.

"Nilikuja na wasiwasi," alisema. "Nilifikiri, nikileta msichana kutoka huku, atanidharau kwa boma langu. Nikasema, afadhali wakae huku Thika, mbali na macho yangu, nisione. Nilikuwa karibu kusema hivyo." Nikatafsiri, neno moja moja. "Sasa nimeona mama yake. Mtu na mzigo kama ile, na bado anapinda magoti! Mtoto wa huyo mama nitakaa naye jiko moja. Huku watu wanakaa kwa ruhusa ya mtu mwingine, hata kitunguu yao. Kwangu kuna shamba. Nitaenda naye nyumbani."

Sentensi ya mwisho sikuitafsiri. Haikuhitaji. Vidole vya Nyambura vilinikaza mabegani mpaka vikaacha alama. Baba alitazama mikono yake yenye mafuta, kisha akaitikia kwa kichwa, kwa sababu lililosemwa kuhusu kitunguu lilikuwa kweli. Mama Robai alinishika kidevu akitabasamu kwa upendo wa kweli, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. "Na wewe, mtoto," akaniambia, "umenionyesha vizuri."

Jumamosi walifunga ndoa. Suti ilikuwa imekauka juu ya jiko na kunywea, suruali ikaishia juu ya vifundo, na watu walicheka kwa furaha. Tulikula irio, viazi vilivyopondwa na mahindi, na ndizi zile, tukanywa chai ya maziwa kwenye vikombe vya bati, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Nami niliimba. Jumatatu tukawasindikiza stesheni. Nyambura alinipa kitana chake cha mbao kupitia dirishani, akaniambia nijisuke mwenyewe, taratibu. Gari la moshi lilipoondoka nilifumba macho kwa mazoea, nikasikiliza. Lilikuwa limebeba watu. Usiku blanketi lilikuwa kubwa mno, na nilikuwa na maswali ambayo hayakuwa na wa kuyajibu. Kwa sababu ya pasi, na baadaye kwa sababu ya maisha, miaka minane ilipita kabla sijamwona tena dada yangu.

Kwa miaka mingi nilijilaumu kwa kile kibao. Ningewapitisha barabara kubwa. Ningewaonyesha seng'enge. Sijui.

Mwezi uliopita Nyambura alikuja kwa harusi ya Shiko. Amevuka themanini na tano, Hezron alimwacha mjane, na anatembea kwa mkongojo lakini macho hayatulii. Vijana walimpeleka maporomoko kwa gari, kulingana na orodha ya simu. Aliniambia wote waliyapa maji mgongo ili wapigwe picha nayo, hakuna aliyeyatazama. "Wale wazungu ulionisimulia, wa kwenye viti," akasema, "angalau walikuwa wanaangalia." Kisha akaniomba nimpeleke darajani.

Siku hizi ni daraja la saruji. Bodaboda zinapita zikipiga honi, na upande wa kahawa ni nyumba za kupanga zenye nguo zilizoanikwa kila kibaraza. Mto umekuwa mwembamba na una rangi isiyo na jina. Tulisimama pale wawili tumeshikana mikono, watu wakitupita bila kugeuza mgongo wala uso. Nyambura akaanza kuuliza. Maji haya yamekwenda wapi? Wanawake wanachota wapi sasa? Hizi nyumba ni za nani, na wanaokaa wanakaa kwa ruhusa ya nani? Kikuyu chake kimekuwa na mvuto wa magharibi, kinapanda na kushuka mahali ambapo chetu hakipandi. Nilimjibu kila swali, polepole, kama alivyonijibu yeye zamani. Nilikuwa nimempoteza dada, na niliyekuwa nimemshika mkono alikuwa mgeni wangu.

Jua lilipoanza kushuka alinigeukia, akanishika kidevu kwa vidole vyake vikavu.

"Umenionyesha vizuri, Wangari," alisema. "Sasa nimechoka. Kesho nataka kwenda nyumbani."

Sikumuuliza nyumbani ni wapi.